MKONO ULIOLEGEA KWA KIHARUSI USIACHWE BURE

Ndugu Wananchi wa Wilaya za Mbulu na Hanang,

Katika wilaya zetu, jembe na mifugo ndivyo vinavyolisha nyumba. Aliyepoteza nguvu ya mkono mmoja huona amepoteza kazi yake yote, na mzigo huwaangukia jamaa zake.

Kiharusi hutokea mshipa wa damu ubongoni unapoziba au kupasuka. Maradhi haya si ya mijini peke yake: uchunguzi uliofanywa Dar es Salaam na Wilaya ya Hai, mwaka 2003 hadi 2006, uliyakuta pia vijijini.

Kilichoumia ni ubongo, wala si mkono. Ubongo huweza kujifunza upya, ila kwa kutumikishwa. Mgonjwa anayetegemea mkono mzima tu huufundisha ubongo wake kuusahau ule dhaifu. Nao jamaa wanaomlisha na kumvisha kila siku kwa huruma husaidia usahaulifu huo bila kujua.

Kwa hiyo mnaombwa kuzingatia yafuatayo:

1. Mgonjwa afikishwe hospitali mara moja. Hali ikitulia, jamaa waulize huduma ya mazoezi ya viungo katika hospitali ya wilaya, au Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoanza mwaka 1955.

2. Asiinuliwe kwa kuvutwa mkono dhaifu, kwani bega huteguka na kuuma. Akikaa, mkono uegemezwe juu ya mto.

3. Apewe kazi nyepesi za nyumbani: kushika kikombe, kuchambua maharage, kupukuchua mahindi, kukunja nguo. Azirudie mara nyingi kila siku, akipumzika anapochoka.

4. Anayeweza kuinua kiganja na vidole japo kidogo aweza kuvishwa glovu nene mkono mzima ili ule dhaifu ufanye kazi. Utafiti wa Marekani uliotangazwa mwaka 2006, wenye wagonjwa 222, ulionyesha manufaa ya njia hiyo kwa mafunzo ya wiki mbili. Isifanywe bila mtaalamu, hasa kwa anayeyumba akitembea.

5. Dawa za shinikizo la damu zisikatizwe kwa sababu mgonjwa ajisikia nafuu.

Ndugu Wananchi, si kila mkono utarejea kama zamani. Lakini mkono uwezao kushikilia bakuli huku mwenzake ukikoroga, tayari umerudi kazini.