Taa ya Babu: Maneno Kuhusu Safari Rally na Vitu Vyake
(Yalisemwa katika mkusanyiko wetu wa Sikukuu ya Jamhuri, Golden Valley)

Tunajua barabara ya 55 ina barafu leo, na waliotoka Brooklyn Park wamefika wakiwa wameshika usukani kwa mikono miwili kama watu wanaofanya mtihani.

Kamati ilipotupa nafasi hii, ilitarajia tuzungumzie bendera. Tumeomba ruhusa tuzungumzie magari, na sababu tunaieleza wazi.

Mwaka jana tulimzika mzee wetu mmoja ambaye ujanani alikuwa fundi wa magari Nairobi. Kila Pasaka alikesha kwenye kituo cha kuhudumia magari ya Safari Rally, akibadilisha magurudumu na springi kwa mwanga wa tochi. Baada ya mazishi baadhi yetu tulikwenda kuisaidia familia kusafisha gereji. Tulikodi pipa kubwa la taka. Ndani yake tukatupa taa kubwa ya mviringo iliyopasuka kioo, kibao cha bati chenye nambari, na boksi la magazeti na ratiba za mashindano zilizokwisha kuota ukungu. Hatukumuuliza mtu. Kiangazi kilichofuata tulikuwa kwenye maonyesho ya magari ya zamani pamoja na mjukuu wake wa miaka 11. Akasimama mbele ya Datsun 240Z nyekundu yenye boneti nyeusi, akasoma mlangoni maneno ya East African Safari, kisha akatugeukia: "Hii si kama ile taa ya babu?" Taa ile ilikuwa mpya, imetengenezwa kuiga ya kale. Mwenye gari, Mmarekani mpole sana, alitutajia bei yake. Tulinyamaza wote.

Kwa hiyo maneno haya ni ya mtoto yule kwanza. Ninyi wengine mtatuvumilia.

Mashindano haya yalianza mwaka 1953, yakapitia Kenya, Uganda na Tanganyika, na yaliitwa Coronation Safari kwa sababu yalifanywa kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Mwaka 1960 yakaitwa East African Safari. Mwaka 1963, mwaka wetu wa uhuru, mvua ya Pasaka ilinyesha bila huruma. Magari 84 yaliondoka, yakamaliza saba tu. Nick Nowicki na Paddy Cliff walishinda kwa Peugeot 404. Mwaka 1968 mambo yakajirudia: yakamaliza saba tena, na washindi wakawa wale wale, na gari aina ile ile. Wazee waliopanda Peugeot 404 za abiria kwenda mashambani, mkibanwa watu wanne kiti cha nyuma, sasa mnajua kwa nini mwenye gari alijivuna vile.

Watoto, tunataka mwelewe kwamba barabara hazikufungwa. Dereva wa Safari alikutana na lori, basi, ng'ombe, punda na mama aliyebeba kuni, katika barabara ile ile, kwa mwendo ule ule wa mashindano. Ndiyo maana magari yale yalikuwa na sura yake. Vile vyuma vizito vya mbele vilikuwa kinga dhidi ya mifugo na wanyama wa porini. Zile taa za pembeni juu ya madigadi ziliwekwa ili mtu aliye mbali aone kuna kitu kinakuja kwa kasi, aondoke njiani. Bomba lililopanda kando ya kioo cha mbele hadi juu lilivuta hewa safi, injini isinywe maji gari linapovuka mto. Hakuna kilichowekwa kwa ajili ya urembo.

Leo urembo ndio umevirudisha. Porsche ilipotoa gari lake liitwalo 911 Dakar mwaka 2022, iliruhusu mnunuzi achague lipakwe rangi za magari yake yaliyokimbia Safari ya 1971, ya 1974 na ya 1978. Mwaka 2023, kwenye maonyesho ya SEMA kule Las Vegas, Nissan ilionyesha gari jipya la Z lililovalishwa kama ile 240Z ya Edgar Herrmann na Hans Schüller iliyoshinda mwaka 1971. Na 240Z yenyewe ya 1971 haijapotea: Nissan imeihifadhi katika mkusanyiko wake wa magari ya kale huko Zama, Japani, na wafanyakazi wake waliitengeneza upya kwa mikono yao. Porsche nayo inatunza gari la Safari la 1978 katika jumba lake la makumbusho, Stuttgart. Gari hilo, tuseme ukweli, lilichukua nafasi ya pili. Porsche haikuwahi kushinda Safari ile ya zamani hata mara moja. Mwaka 1974 Björn Waldegård wa Uswidi alikuwa akiongoza, gari likavunjika chini karibu na mwisho, akapitwa na Lancer ndogo ya Joginder Singh.

Lakini Waldegård hakukata tamaa na nchi yetu. Mwaka 2003, Safari ilipotimiza miaka 50, yalianzishwa mashindano ya Safari Classic, ya magari ya zamani tu. Mwaka 2007 Waldegård alishinda akiwa na mwanawe Mathias kwenye kiti cha mwelekezi. Mwaka 2011 akashinda tena, akiwa na miaka 68, safari hii ndani ya Porsche 911. Miaka 37 alikuwa na deni na barabara zetu, akalilipa. Sisi tunaliona hilo kuwa uhuisho wa kweli kuliko rangi ya kubandika, maana vumbi lilikuwa lile lile. Na Safari kubwa yenyewe, iliyotoka kwenye ubingwa wa dunia baada ya 2002, ilirudi mwaka 2021 huko Naivasha. Miaka ya karibuni hata Toyota za kisasa zimeonekana zikiwa na lile bomba la hewa.

Kuna mwanachama aliyetuambia wiki iliyopita, kwa heshima lakini bila kupepesa macho, kwamba mchezo ulioanzishwa kumsherehekea malkia hauna nafasi katika gazeti la uhuru. Tumelitafakari neno lake. Ni kweli kwamba kwa miaka mingi walioshika usukani walikuwa wazungu na Wahindi wenye uwezo, na Mwafrika alikuwa kando ya barabara. Lakini mtazameni Joginder Singh, aliyezaliwa Kericho, akakulia katika gereji ya baba yake. Mwaka 1965 alishinda akiwa na ndugu yake Jaswant katika Volvo PV544 iliyokwisha kutumiwa na kiwanda, na baadaye akawa mtu wa kwanza kushinda Safari mara tatu. Wakenya walimwita Simba. Shekhar Mehta alizaliwa Uganda. Idi Amin alipowafukuza Waasia mwaka 1972, alihamia Kenya. Pasaka iliyofuata yeye na Harry Källström walilingana pointi, akapewa ushindi yeye kwa kuwa alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza. Alishinda mara tano kwa jumla, nne kati ya hizo mfululizo, 1979 hadi 1982. Hapa ukumbini wapo waliofika nchi hii na mkoba mmoja. Huyo wanamwelewa bila maelezo. Kisha akina Peter Shiyukah, miongoni mwa Waafrika wa mwanzo kushika usukani, na Patrick Njiru na Subaru yake miaka ya 1990, ambaye kwa ajili yake wengi wetu tuliandika Subaru ubavuni mwa magari yetu ya waya.

Na wale wa kando ya barabara je? Nani alisukuma magari yale kutoka matopeni usiku wa manane? (Mawe pia yalirushwa mara nyingine, tukubali, hatukuwa malaika.) Nani aliyafunga springi? Zama wana gari. Stuttgart wana gari. Mikono iliyoyarudisha barabarani haimo kwenye kibao cha maelezo cha jumba lolote tulilowahi kuingia, na ushahidi wake mwingi uko kwenye maboksi ya watu kama sisi. Boksi moja kati ya hayo tulilitupa wenyewe, tukalipia na gharama za kulitupa.

Kwa hiyo tunaomba jambo dogo. Nendeni nyumbani mfungue masanduku. Picha ya babako amesimama nje ya KICC magari yakipeperushiwa bendera, cheti cha fundi, kipande cha gazeti, barua ya kazi, hata gari la waya kama lilivuka bahari. Tuleteeni tupige picha, kisha mchukue vitu vyenu; hatubaki na kitu. Andikeni nyuma ya picha majina ya waliomo mkingali mnayakumbuka. Kazi ya kuandika orodha tumempa mjukuu wa mzee, na ameshaanza: ameketi kwenye meza ile karibu na mlango, ana daftari, na anauliza maswali mengi kuliko askari wa uhamiaji.

Mbele yake mtaona ovaroli ya buluu iliyokunjwa. Ndiyo pekee iliyookoka, kwa sababu ilikuwa chumbani, haikuwa gereji. Mama mwenye nyumba ametuazima kwa leo tu, na amesema oili iliyo mikononi mwake ni ya Nairobi, kwa hiyo asitokee mtu mwema akaifua.