Kidonge Kabla ya Chai: Tezi ya Thairoidi na Uzito wa Mwili Katika Nyanda za Mlima Kenya



Nataka kuzungumzia unene ambao huhukumiwa kabla haujachunguzwa. Mwanamke wa miaka arobaini na kitu anaona nguo zimembana. Saa nne asubuhi haijafika, naye amechoka. Baridi ya Julai huko Kianjokoma au Kibirichia kila mtu huilalamikia, lakini yeye huisikia hata Januari. Choo kimekuwa kigumu, ngozi imekauka, hedhi imekuwa nzito, sauti inakwaruza. Majirani wanasema amenawiri, maisha yamemkubali. Binti yake anasema ni chapati. Siku anapopimwa damu na kuambiwa kwamba tezi ya thairoidi imelegea, hukumu nyingine hutolewa: kumbe uzito wote huu ni wa tezi! Hukumu zote tatu zinamdhulumu. Ya tatu naihofia zaidi, kwa sababu inakidai kidonge kazi ambayo hakikuumbiwa.

Tezi hii iko mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo. Hutumia madini ya iodini kutengeneza homoni ya thairoksini, na homoni hiyo ndiyo inayouamuru mwili uchome chakula kwa kasi gani na utoe joto kiasi gani. Tezi ikilegea, tezi nyingine iliyo chini ya ubongo huipigia kelele kwa kumwaga homoni iitwayo TSH. Ndiyo maana karatasi ya maabara huwatatiza wengi: TSH imepanda, na daktari anasema tezi imeshuka. Inayopanda ni sauti ya anayeamuru. Anayeamriwa ndiye aliyechoka.

Sasa tuje kwenye mizani. Kwa wagonjwa walio wengi, uzito unaoletwa na tezi yenyewe ni kama kilo 2 hadi 5, na sehemu kubwa ya kilo hizo ni maji na chumvi. Chini ya ngozi hujikusanya vitu vinavyonata na kushika maji, ndipo uso na kope zikavimba, na ukibonyeza kwa kidole hapaachi shimo. Mama aliyeongeza kilo 20 kwa miaka mitano hana budi kuambiwa ukweli huu kwa upole: tezi inadaiwa sehemu, si zote.

Mkanganyiko huu una historia. Mwaka 1891, huko Newcastle, Uingereza, daktari George Murray alimdunga mwanamke mgonjwa dawa iliyokamuliwa kutoka tezi za kondoo. Mama yule alipona uvimbe na uzito wa mwili, akaishi hadi 1919, na kwa miaka hiyo yote zilitumika tezi za zaidi ya kondoo 870. Ilikuwa tiba ya kweli kwa ugonjwa wa kweli. Lakini kabla karne ile haijaisha, wachuuzi walikuwa tayari wanauza dawa ya tezi kama dawa ya kukonda kwa watu ambao tezi zao hazikuwa na shida yoyote. Tumerithi tiba ile, na upotovu ule pia tumeurithi.

Hapa kwetu wazee wanakumbuka rovu, uvimbe wa shingo. Mvua ya milimani huosha iodini kutoka udongoni karne baada ya karne, na mimea iliyoota humo haina cha kutupa. Kenya ililazimisha kwa sheria chumvi itiwe iodini mwaka 1978, na chumvi ya pwani, ya kule Gongoni na jirani zake, ikapanda hadi jikoni mwetu ikiwa na kinga ndani yake. Nawaheshimu sana waliofanya kazi ile. Ni watu wachache waliowaondolea wengine mateso mengi hivyo bila wao kujua. Ila ushindi huo umetuachia dhana moja mbaya, kwamba kila tezi iliyolegea inataka chumvi zaidi. Mahali ambapo chumvi ina iodini ya kutosha, kisababishi kikuu ni kinga ya mwili kuishambulia tezi, ugonjwa alioueleza Mjapani Hakaru Hashimoto mwaka 1912. Wengine tezi imelegea baada ya kufanyiwa upasuaji. Hawa hawatibiwi kwa chumvi, na iodini ya kupita kiasi inaweza kuilegeza tezi zaidi.

Huulizwa pia kuhusu mihogo na kabichi. Katika kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, watafiti wa miaka ya 1960 na 1970 walionyesha kwamba muhogo usioandaliwa vyema, ukiliwa kila siku na watu wasio na iodini, huizidishia tezi taabu. Masharti hayo mawili yalikwenda pamoja. Anayetumia chumvi yenye iodini asiogope kabichi wala sukuma wiki yake iliyopikwa.

Nimelifikia jambo lililonileta. Thairoksini ya kidonge, anayopewa mwenye tezi iliyolegea, hutaka tumbo tupu: dakika 30 hadi 60 kabla ya kutia kitu kingine isipokuwa maji. Na sisi siku huanza vipi? Kabla jogoo hajamaliza, sufuria ya chai ya maziwa iko motoni, na anayekwenda kuchuma majani chai au kukama ng'ombe hunywa kikombe kikubwa, kidonge kikishuka papo hapo na chai hiyo. Kalsiamu ya maziwa hukishika kidonge tumboni. Kahawa nayo hupunguza kinachoingia mwilini. Dozi ni sahihi, mgonjwa ni mwaminifu, na TSH haishuki. Vidonge vya madini ya chuma, ambavyo wajawazito wetu hupewa, na vile vya kalsiamu vikae mbali na thairoksini kwa saa 4. Kwa nyumba ambayo chai ya alfajiri haiwezi kungoja, ipo njia nyingine nzuri: kumeza kidonge usiku wakati wa kulala, saa 3 au zaidi baada ya chakula cha jioni, baada ya kushauriana na daktari.

Dawa hii huondoka mwilini polepole, nusu yake kwa takriban siku 7, kwa hiyo kipimo hurudiwa baada ya wiki 6 hadi 8. Katika miezi ya kwanza maji hutoka, uso hurudi, na mizani hushuka kidogo. Kisha husimama. Hapo ndipo penye hatari. Mgonjwa hudhani dawa imeshindwa, akaongeza kidonge cha pili mwenyewe. Thairoksini ikizidi, moyo huenda mbio bila mpangilio na mifupa hupungua uimara, hasa kwa mwanamke aliyekoma hedhi. Wanaotafuna miraa ili kuua njaa wajue kwamba nayo huusukuma moyo. Mwenye kumeza thairoksini ana sababu zaidi ya kuulinda. Chai za kukondesha zenye dawa ya kuharisha hutoa maji, na maji hurudi.

Mizani ikisimama huku TSH ikiwa sawa, uzito uliobaki ni kama wa Mkenya mwingine yeyote, na si wa aibu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2014 ulikuta asilimia 33 ya wanawake wa umri wa kuzaa wana uzito uliozidi. Mama zao walipanda kutoka mtoni na mtungi mgongoni. Wao wana mfereji uani na bodaboda langoni, na sitaki mtu awarudishe mtoni. Nataka sahani ibadilike: githeri yenye maharagwe mengi kuliko mahindi, mukimo uliojaa majani badala ya viazi vitupu, sukari ya chai ipungue. Kujinyima chakula hadi kuzimia hakusaidii, maana mwili wenye njaa kali hupunguza homoni hai ya tezi na kujibana zaidi. Kutembea kuanze dozi ikishatulia, kwa sababu misuli ya mwenye tezi iliyolegea huuma, na anayelazimishwa kukimbia nayo huacha baada ya wiki moja.

Kwa hiyo naomba mambo mahususi kwa hospitali zetu, kuanzia Embu hadi Nkubu na Maua, na kwa kila duka la dawa. Bahasha ya thairoksini iandikwe kwa Kimeru, Kiembu na Kiswahili: kabla ya chai ya maziwa, kwa maji tu. Kadi iwe na tarehe ya kurudia kipimo, na uzito uandikwe siku dawa inapoanza, ili baadaye ijulikane ni kilo ngapi zilikuwa za tezi. Na mwanamke anayetumia dawa hii aambiwe siku ileile ya kwanza kwamba hedhi ikikosekana na mimba ikathibitika, aje kliniki mara moja bila kungoja miadi, kwa sababu mahitaji ya thairoksini hupanda mapema katika ujauzito na mtoto huitegemea homoni ya mama katika miezi ile ya mwanzo.