Walipogawana Mifugo: Habari za Wafugaji wa Mongolia

Hotuba iliyosomwa na Katibu katika sherehe ya miaka kumi ya Chama Kikuu



Ni desturi siku kama hii Katibu asome hesabu za miaka yote iliyopita, lakini hesabu zetu zimekwisha kupigwa chapa, na kila mwanachama atazisoma kwa nafasi yake. Sisi twapenda kuzungumza juu ya hoja iliyoletwa na baadhi ya vyama vya msingi, kwamba majosho, malambo na ngitili zinazotunzwa kwa fedha za Chama Kikuu zigawanywe, kila chama kichukue fungu lake na kulitumia kipendavyo. Hoja hiyo itapigiwa kura katika Mkutano Mkuu. Waliyoileta si watu wa kubezwa. Wasema kwamba mali isiyo na mwenyewe huharibika, na nani kati yetu hajaliona hilo? Lakini iko nchi iliyogawana mali ya ushirika wake kwa nchi nzima, na yafaa tujue yaliyoipata kabla hatujanyosha mikono.

Nchi hiyo ni Mongolia, iliyo katikati ya Urusi na China. Eneo lake lapita kilomita za mraba milioni moja na nusu, na watu wake ni milioni tatu na ushee tu. Baridi ya huko ni kali mno, na kilimo ni kidogo. Wafugaji wana kondoo, mbuzi, ng'ombe, farasi na ngamia, nao huhama na mahema yao kwa kufuata majira. Tangu miaka ya 1920 nchi ilitawaliwa na chama kimoja kilichofuata ukomunisti. Kilipojaribu mara ya kwanza kuwaingiza wafugaji katika ushirika kwa nguvu, watu waliasi mwaka 1932, na jambo hilo likaachwa. Mara ya pili kilifaulu, na ilipofika mwaka 1960 karibu wafugaji wote walikuwa ndani ya vyama vilivyoitwa negdel.

Tusidhani kwamba negdel ilikuwa ushirika kama huu wetu. Mipango ilitoka juu. Mfugaji alilipwa mshahara achunge mnyama wa aina moja tu, huyu kondoo, yule farasi, na wengi walinung'unika chini kwa chini. Hata hivyo negdel ilifanya kazi ambazo thamani yake haikuonekana mpaka zilipokoma. Ilitunza visima vya mashine. Iliweka akiba ya majani makavu, ikaleta malori ya kuhamisha mahema, ikawa na waganga wa mifugo. Zaidi ya hayo yote, iliamua nani ahamie wapi na lini, ili malisho ya wakati wa baridi yasiguswe wakati wa joto. Kwa lugha ya kwetu, hiyo ndiyo ngitili.

Mwaka 1990 utawala wa chama kimoja ulikoma kwa amani, na uchaguzi wa vyama vingi ukafanyika mwaka huo huo. Mwaka uliofuata Muungano wa Kisovieti ulivunjika, na misaada yake iliyoishikilia nchi ikakatika. Serikali mpya iligawa hati za kumiliki mali kwa kila raia, na kwa njia hiyo mifugo ya negdel ikaingia mikononi mwa watu. Miaka michache baadaye negdel hazikuwako tena. Wengi walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi, kwa maana mtu aliyemchunga mnyama wa wengine miaka thelathini sasa alimwita wake. Lakini mijini viwanda vilifungwa, na waliokosa mishahara wakakimbilia mbugani. Mwaka 1990 wafugaji hawakufika 150,000; miaka kumi haikwisha wakawa wamepita 400,000.

Hapa ndipo penye jambo letu. Kondoo wagawanyika, huyu wako, huyu wangu. Kisima hakigawanyiki, na zamu ya malisho haigawanyiki kabisa. Pampu ilipokufa hapakuwa na aliyewajibika kuitengeneza, basi visima vingi vikaachwa, na mifugo ikasongamana kwenye maji machache na karibu na barabara za kwenda sokoni. Katiba ya mwaka 1992 ilikataza malisho kufanywa mali ya mtu binafsi, nasi twaiona hiyo kuwa busara. Ila hapakuwekwa mtu wa kusema leo hapa tupumzishe. Kila mwenye mifugo aliogopa kwamba akiyaacha majani ya akiba, jirani atayalisha. Na kwa kuwa sufu laini ya mbuzi, iitwayo kashimiri, ndiyo iliyoleta fedha, mbuzi waliongezeka kutoka milioni 5 mwaka 1990 hadi karibu milioni 20 mwaka 2009.

Wamongolia wana neno dzud. Maana yake ni msimu wa baridi ambao theluji au barafu hufunika majani, mifugo ikafa kwa njaa na baridi, na hasa ikiwa kiangazi kilichotangulia kilikuwa kikavu. Dzud ilikuwako tangu kale, tusiwasingizie waliogawana mali. Lakini sasa iliwakuta bila akiba ya majani na bila malori. Mwishoni mwa mwaka 1999 mifugo ilizidi milioni 33. Mwishoni mwa 2002, baada ya misimu mitatu mibaya, haikufika milioni 24. Ikaongezeka ikawa milioni 44 mwaka 2009, na mwaka mmoja tu baadaye ikawa chini ya milioni 33. Katika baridi ya 2023 kuingia 2024 walikufa wanyama zaidi ya milioni 7. Tafadhali, ndugu zetu wafugaji, mzifikirie namba hizo kwa mizoga na kwa ada za shule.

Wapo waliojikusanya tena, safari hii kwa hiari: majirani wa bonde moja hupatana juu ya malisho ya kupumzisha na hutengeneza kisima chao. Kazi hiyo ni njema, lakini haijaenea vya kutosha, maana mwaka 2019 nchi ilikuwa na mifugo milioni 70. Kurudisha mapatano yaliyovunjika ni kazi ngumu kuliko kuyavunja. Wazee waliopo hapa wanajua. Vyama vikuu vya nchi yetu vilifutwa kwa amri mwaka 1976, na sheria ya kuvirudisha ikatungwa 1982. Na ngitili nyingi za Shinyanga zilizopotea wakati wa kuhamia vijijini zilianza kufufuliwa kwa juhudi kubwa tangu 1986.

Basi rai yetu ni hii. Majosho na yagawanywe, hatuna pingamizi. Kila josho lina watu wake walio karibu nalo, na watalitunza vizuri kuliko sisi tulio ofisini. Malambo na ngitili zibaki pamoja. Lakini walioleta hoja wasijibiwe kwa maneno matupu: kila lambo liwe na kamati iliyochaguliwa na vyama vinavyolitumia, mlinzi wa ngitili awe na madaraka ya kutoza faini, na mchango wa kila chama ubandikwe ukutani pamoja na jina la anayedaiwa, hata akiwa mjumbe wa Bodi. Nakala za marekebisho hayo zitakuwa mikononi mwa makatibu wa vyama vya msingi kabla ya Mkutano Mkuu, nasi twaomba zisomwe kwa sauti katika kila kijiji, na kura ipigwe kwa siri.