Kuongeza Chumba Nyuma ya Nyumba ya Kale ya Safu
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama)



Tumetakiwa na Halmashauri tuseme machache juu ya jambo linalowapata baadhi ya ndugu zetu wakaao Uingereza, nalo ni kuongeza chumba nyuma ya nyumba ya kale pasipo kuiharibu. Huenda mtu akauliza, "Hayo yatuhusu nini sisi makarani?" Twajibu kwamba kazi hiyo huanza kwa barua na ramani kabla ya mwiko kushikwa, na adharauye karatasi hujuta.

Nyumba tunazozinena zilijengwa kwa wingi zama za Malkia Victoria, aliyetawala tangu 1837 hata 1901. Zimesimama safu moja, bega kwa bega, kila mbili zikishiriki ukuta. Nyuma hutokeza ubawa mwembamba wenye jiko, na kando yake kichochoro kilicho wazi. Kichochoro hicho hakikusahauliwa na wajenzi. Ndicho kinachokipa chumba cha kati mwanga na hewa. Sheria ya Afya ya mwaka 1875 iliziwezesha halmashauri za miji iliyo nje ya London kuamuru upana wa njia na nafasi nyuma ya nyumba, maana watu walikuwa wakiugua katika nyumba zilizobanana.

Basi neno letu ni hili: chumba kipya ni mgeni. Wazee walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Mgeni huyu atazamwe katika mambo matatu.

Kwanza, mwanga. Sisi tuliozoea jua la utosini tukumbuke kwamba London, mwishoni mwa Desemba, jua la adhuhuri hupanda yapata digrii 15 tu. Wengi huziba kichochoro chote wapate jiko pana, na chumba cha kati kikawa ghala la giza, taa zikiwaka mchana. Afadhali kuacha kiwanja kidogo kati ya chumba hicho na jengo jipya. Au, ikiwa hapana budi kukifunika kichochoro, kiezekwe kwa kioo.

Pili, ukuta. Matofali ya kale ni laini, yameunganishwa kwa chokaa na mchanga, na ukuta wake hupumua: unyevu uingiao hutoka tena. Mwenye kuupaka simenti huufungia unyevu ndani. Maji yakiganda wakati wa baridi, uso wa tofali hubanduka. Kwa hiyo viungo vyake vitengenezwe kwa chokaa. Jengo jipya si lazima liige la kale. Laweza kuwa la mbao au kioo, mradi liwe fupi kuliko nyumba na lisizibe madirisha ya juu. Likiwa la matofali, yachaguliwe yenye rangi na kimo cha yale ya kwanza. Maana tofali la kawaida la leo lina kimo cha milimita 65, na mara nyingi halilingani na la zamani.

Tatu, jirani. Katika England, mwenye nyumba ya safu kwa kawaida aweza kujenga nyuma jengo lisilo na ghorofa, lisilotokeza zaidi ya mita 3 wala kupita mita 4 kwenda juu, pasipo kuomba ruhusa kamili. Lakini nyumba iliyomo katika orodha ya majengo ya kuhifadhiwa yataka kibali chake. Tena Sheria ya Kuta za Pamoja ya mwaka 1996, itumikayo England na Wales, yaagiza jirani apewe notisi kwa maandishi: miezi 2 kabla ya kuukata ukuta wa pamoja, na mwezi 1 kabla ya kuchimba, ndani ya mita 3, chini kuliko msingi wake. Asipokubali katika siku 14, mpimaji huwekwa ili aamue.

Wako wauonao utaratibu huo kuwa usumbufu. Sisi twauona kuwa ngao. Ukuta mmoja wabeba nyumba mbili. Ufa wa huku ni ufa wa kule, na karatasi yenye tarehe na sahihi imeokoa ujirani mwingi.

Kwa hiyo, ndugu, kabla ya kuuliza chumba kipya kitakuwa kikubwa kiasi gani, mwenye nyumba na asimame chumba cha kati wakati wa adhuhuri, kisha uani kwa jirani wakati wa jioni, apate kujua ni nuru ya nani atakayoichukua.