Ndoo Haikupigwa Teke

Nilipokuwa karani kijana, mkuu wangu wa kazi alinituma niandike barua ya rambirambi kwa mjane wa mhandisi mmoja Mwingereza aliyewahi kufanya kazi nasi. Shuleni nilikuwa nimekariri orodha ya nahau, mojawapo ikiwa "kick the bucket", yaani kupiga ndoo teke, maana yake kufa. Nilifunzwa pia kuwa kauli ya kutendwa ndiyo lugha ya ofisini. Nikaviunganisha: "The bucket was kicked by your husband."

Mkuu akaisoma, akanyamaza, kisha akauliza: "Bwana mdogo, marehemu alikuwa na ugomvi gani na ndoo?" Barua ikachanwa. Namshukuru hadi leo, maana mama yule angedhani tunamcheka msibani.

Makosa yalikuwa mawili. Kwanza, msemo huo ni wa mzaha, haupelekwi matangani. Pili, na hilo ndilo langu leo, ukiutia katika kauli ya kutendwa kifo kinatoweka, inabaki ndoo tupu.

Lakini "spill the beans", kumwaga maharage, yaani kutoboa siri, hukubali kugeuzwa: "the beans were spilled". Kwa nini? Mwaka 1994 Geoffrey Nunberg, Ivan Sag na Thomas Wasow walieleza katika jarida la Language kwamba ziko nahau ambazo maneno yake yamegawana maana. Maharage ndiyo siri, kumwaga ndiko kutoboa. Ile ndoo haisimamii kitu chochote.

Nasi tunayo hayo hayo. Timu ikituvunja moyo, twasema tumevunjwa moyo, hata tumevunjika moyo. Moyo hapo ni matumaini. Lakini babu aliyekula chumvi nyingi, hebu sema "chumvi nyingi imeliwa na babu" uone kama hatakimbizwa kupimwa presha!

Basi wewe kijana unayeandika barua ya kuomba kazi, usikariri nahau peke yake. Ikariri ndani ya sentensi nzima, wala usiigeuze mpaka umewaona wenye lugha wakiigeuza. Ukiwa na shaka, tumia neno la kawaida. Halijamfukuzisha mtu kazi. Wahenga walisema, nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.