Picha Ndiyo Sauti: Masomo ya Mtandaoni kwa Mwanafunzi Kiziwi



Kutoka hapa Mbuya hadi Ntinda, iliko Shule ya Viziwi ya Uganda, au Kyambogo, wanakofundishwa wakalimani wa lugha ya alama, si safari ya kufunga mizigo. Wataalamu tunao mlangoni. Hatuwezi kusingizia umbali tukishindwa kumfundisha mwanafunzi kiziwi mtandaoni.

Kwa sababu ya korona, shule zetu zilifungwa Machi 2020 na hazikufunguliwa kikamilifu hadi tarehe 10 Januari 2022. Masomo yalihamia redioni, magazetini, kwenye televisheni na simu. Redio haikumfaa kiziwi hata dakika moja. Simu ingemfaa, na hapo ndipo lilipo jambo langu. Mtandao ukisuasua, mwalimu husema, "Zimeni kamera, tuokoe bando." Msikiaji akizima picha anabaki na sauti. Kiziwi picha yake ikizimwa, ametolewa darasani.

Kupunguza ubora wa picha nako kuna kikomo. Lugha ya alama inahitaji picha zipatazo 20 kwa sekunde au zaidi, kwa kuwa vidole vina kasi na uso nao hubeba sarufi: nyusi zikiganda, swali huonekana kauli.

Wengine watasema, wekeni maandishi chini ya video, yatatosha. Hata WCAG, vigezo vya kimataifa vya kuwawezesha watu wenye ulemavu kutumia tovuti, vinaelekea huko: maandishi ya video yamewekwa katika daraja la chini kabisa, la lazima; tafsiri ya alama imepandishwa daraja la juu, ambalo taasisi nyingi hazijisumbui kulifikia. Mimi sikubaliani na mpangilio huo. Kwa viziwi wengi Kiingereza cha maandishi hayo ni lugha ya pili, waliyoipata kwa kusoma tu. Katiba yetu ya 1995 inaitaka serikali kuendeleza lugha ya alama. Haikusema maandishi yachukue nafasi yake.

Halafu kuna gharama. Mwaka 2018 tulitozwa shilingi 200 kwa siku kutumia mitandao ya kijamii; mwaka 2021 ikaja kodi ya asilimia 12 kwenye data. Tunalipa sote, lakini msikiaji anaweza kukimbilia ujumbe wa sauti. Kiziwi hana pa kukimbilia.

Ningependa somo lifundishwe kwa alama tangu mwanzo, na mwalimu kiziwi akipatikana, badala ya mkalimani aliyebanwa pembeni ya skrini kama stempu. Video ziwe fupi, zipakuliwe shuleni, zitazamwe nyumbani bila mtandao. Mwalimu akionyesha jedwali, asitishe maelezo kwanza: macho hayasomi tarakimu na mikono kwa wakati mmoja.

Nanyi mnaosimamia bajeti, nawaomba: kabla ya kununua mfumo wowote wa masomo, waiteni wanafunzi viziwi waujaribu kwa simu zao na bando lao la kila siku. Wakishindwa kulifuata somo, msiununue.