Injini Imezimwa, Gesi Bado Imo

Desemba 3, 2023, matope ya Mlima Hanang yalipoifunika Katesh, mitambo mizito ndiyo iliyosaidia kufungua njia. Leo nazungumza na mafundi wanaoitunza.

Kwenye mtambo wa kijiko kuna chupa ya chuma iitwayo akyumuleta: upande mmoja gesi ya naitrojeni, upande wa pili oili, katikati mpira. Injini ikizimwa, presha inabaki. Basi laza mkono wa mtambo chini, zima injini, washa swichi tu, kisha chezesha leva hadi presha ya oili iishe.

Fundi wangu, hapo umemaliza oili peke yake. Gesi bado imo! Itolewe kwa kifaa chake chenye geji kabla hujaifungua chupa. Usiichomelee, usiitoboe. Kujaza ni kwa naitrojeni kavu tu; oksijeni ikikutana na oili hulipuka, na mtungi wa oksijeni haukosekani kwenye gereji zetu.

Uvujaji utafute kwa kipande cha boksi, kamwe si kwa kiganja. Oili ya presha ikipenya ngozi, hata kama tundu ni la sindano na halikuumi, wahi hospitali saa hiyo hiyo, umweleze daktari kilichokupiga.